Mdogo Wangu Aliyedhaniwa Amenona

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Iguguno tu wazima, mahindi yamekwisha kupukuchuliwa.

Umeuliza kama uji mtupu unamtosha mwanao. Enzi za Mwingereza, mdogo wangu Mika aliachishwa ziwa, akalishwa uji wa mtama tu. Akavimba mashavu na miguu. Mama akajivuna, "Mwanangu amenona!"

Mganga wa zahanati alipomwona, akambonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Mama, huyu anakosa protini. Uji unashibisha, haujengi mwili. Mpe maziwa, maharage, mayai."

"Mayai? Wazee wanasema mtoto akila mayai atakuwa mwizi!"

"Bora mwizi aliye hai."

Mama akachemsha yai, akamlisha. Baada ya majuma kadhaa uvimbe ukaisha, Mika akabaki mwembamba. Majirani, wakidhani mtoto amekonda kwa ugonjwa, wakaja kumpa mama pole.

"Pole ya nini?" akawauliza. "Sasa ndiyo anapona."

Bibi yako anayekupenda