Sanduku la Pikipiki Limekazwa

Baba watoto,

Salamu zako alizileta fundi seremala. Sisi wazima, na goti la mama yako limepata nafuu.

Sanduku la nyuma la pikipiki lilinifungukia njiani, trei mbili za mayai zikaishia barabarani. Komeo lilikuwa limelika, bawaba zinacheza, na chini ya kamba uliyolifungia nikakuta kamba nyingine. Miaka yote ulikuwa unafunga ubovu, hukuutengeneza. Nimezikata kamba zote. Ribiti za bawaba zilizolegea nimezing'oa, nikaweka bolti zenye vipande vya mpira wa tyubu chini yake ili zisilegezwe na mtikisiko, na komeo jipya. Mama yako alikalia kifuniko nikikaza, akasema uzito wake hatimaye umepata kazi.

Nasikia umepanga vyumba viwili huko. Sikuulizi cha pili ni cha nani.

Yule uliyemtuma aje kuinunua pikipiki alifika Jumatano. Mimi nilikuwa kwenye mizunguko ya kuuza mayai. Mama yako ndiye aliyempokea. Alimwambia pikipiki ina mwenyewe, na mwenyewe ametoka nayo.

Ni mimi,
Mama wa wanao