Yaya, karbiratere haikuwa na kosa

Mpendwa yaya, kaka yangu mkubwa,

Mimi niko salama, na ile kamio, lori uliloniachia, inanifurahisha kila siku, kwa hiyo nianze na habari yake. Jana imepanda mlima wa barabara ya Lukafu na mzigo wa mahindi bila kukohoa hata mara moja. Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungefurahi bila kujua lolote. Lakini barua hii nimeiandika ili kila mtu aisome. Sababu yake utaiona ukinivumilia kidogo, na uvumilivu unao kuliko mimi.

Unakumbuka siku uliponifundisha kunyonya esanse, petroli, kwa mpira? Niliimeza. Siku mbili nzima nilikuwa ninateuka esanse, na Mama akakukataza kupitisha babula, jiko la makaa, karibu na mimi. Ulicheka mpaka ukajishika mbavu, halafu ukaniambia, "Sasa unajua njia yake. Inatoka kwa rezevuari, kwa tangi lake, inapita kwa filtre, pompu inaivuta, karbiratere inaipa motere. Ikikufa, fuata ile njia. Anzia kwa mwanzo." Baba alikuwa ameshafariki, nawe uliacha shule ukaendesha kamio hii ili mimi nisiache. Hilo sikulisahau, hata siku ile ya upumbavu wangu.

Ulipohamia Kasenga kwenye biashara yako ya samaki, uliniachia kamio ikienda vizuri. Baada ya miezi michache ikaanza vituko. Asubuhi inawaka palepale, inatoka Ruashi, kwetu Lubumbashi, na nguvu zake zote, halafu baada ya nusu saa, mlimani, inalegea, inakohoa, inakufa. Ukingoja kidogo inawaka tena kana kwamba inakutania. Nikabadilisha buji, zile plagi za kuwashia, nikabadilisha filtre. Fundi wa Ruashi akafungua karbiratere, akapuliza vitundu vyake vyote, akarekebisha kile kidude kinachoelea ndani yake. Akaweka ngozi mpya kwenye pompu. Uani kwake motere inanguruma saa nzima bila tatizo, barabarani inaniaibisha. Mwisho akajikuna kichwa, akasema, "Pengine hii karbiratere haiko yake ya kwanza."

Lilikuwa neno la mtu aliyechoka tu, na mimi nikalibeba kama ushahidi. Siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa dada yetu, watu wamekaa, mashemeji wako wapo, padri hata hajamaliza sahani yake, nikasimama. Nikasema ulichomoa karbiratere nzuri ukaniwekea mbovu kabla ya kunipa kamio. Nikakuita mwizi. Uliweka chupa chini polepole, ukasema, "Bon. Kama ndio vile unaniona." Ukachukua kofia yako, ukaenda. Tangu siku ile hukukanyaga Lubumbashi, nami sikukupigia simu, juu nilikuwa ninangoja wewe uombe msamaha.

Wiki iliyopita ikanifia tena kwenye barabara ya Lukafu, jua kali, hakuna fundi, hakuna mtu wa kulaumu. Nikakaa kwenye bampa nikajiuliza kwa nini kila mara nimeanzia kwenye karbiratere. Jibu nililijua na lilinichoma: nilitaka kosa liwe pale, kwa sababu pale ndipo nilipokuwa nimeweka jina lako. Basi nikazunguka nyuma ya kabini, kwenye mwanzo. Nikafungua kifuniko cha rezevuari. Ikavuta hewa, fyuuu, muda mrefu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Na chini ya kifuniko, imenyonywa mpaka imebonyea, ilikuwepo sashe ya plastiki.

Ilikuwa sashe yangu, yaya. Mama mmoja wa sokoni alilalamika kwamba unga wake unanuka esanse, juu mashimo ya barabara yalikuwa yanarusha matone kupitia katundu kadogo ka kifuniko. Nikakunja sashe mara mbili, nikaziba, nikajiona mwenye akili. Kila nikijaza esanse ninaitoa, nikimaliza ninairudisha kwa uangalifu. Sikufikiria hata kidogo kwamba kale katundu ndiko rezevuari inakopumulia. Hewa isipoingia, esanse haitoki, na pompu inavuta mpaka inashindwa. Uani kwa fundi, bila mzigo wala mlima, motere ilikuwa inakunywa kidogo tu, ndiyo maana haikufa.

Na ubaya wangu wa mwisho nikuambie pia: sikutaka kuamini. Niliitoa, kamio ikapanda vizuri. Nikairudisha makusudi, nikimuomba Mungu kosa libaki kwako. Nusu saa, ikakufa. Nikaitoa, ikawaka. Nikaketi kando ya barabara nikacheka peke yangu, mpaka mwanamke aliyekuwa analima karibu akaacha jembe, akauliza, "Baba, uko muzima?" Nikamjibu niko muzima kabisa, na ilikuwa kweli. Tangu hapo moyo wangu umetulia, juu ndugu yangu ni yule yule niliyemjua tangu utoto. Unga sasa ninaupakia nyuma kabisa, mbali na rezevuari.

Mama nimemueleza yote. Alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua hata kichwa. "Ulimutukana mbele ya bantu ngapi?"

Nikafikiri. Thelathini na kitu.

"Na mimi niko mumoja," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Jumapili baada ya Misa nitaisoma nyumbani kwa dada yetu mbele ya wale wale, na padri amekubali kuja. Jumatatu ninaileta Kasenga mwenyewe. Ukifungua mlango, nitaisoma ndani. Usipofungua, nitaisoma nje, majirani wako wasikie, kisha nitakaa hapo mpaka uchoke kuniona. Hukuiba kitu, yaya. Ulinipa kamio yenye kila kitu chake, na mimi ndiye niliyeiziba pumzi nikakuita mwizi. Nisamehe.

Mudogo wako