Maua ya Njano ya Mwaka Mpya

Mpwa wangu mpendwa Mulunesh,

Salamu nyingi kutoka Dangila. Natumai Mama Maria anakulinda huko Addis Ababa na kifua hakikusumbui tena. Sisi ni wazima, mvua zimekatika, na mimi mjomba wako nina nguvu za kubeba ng'ombe, ila hajatokea wa kuniomba.

Habari kubwa ni hii. Unamjua Yeshimebet, yule mjane mfuga nyuki. Mwaka mzima namposa, naye akaahidi kunijibu asubuhi ya Mwaka Mpya, kwa sharti kwamba siku hiyo nisimwambie uongo hata mmoja. Mimi nami nikamwahidi maua ya adey, yale ya njano ya sikukuu, ya kutandaza sakafuni pamoja na nyasi mbichi, mzigo ambao Gojam nzima haijapata kuuona.

Nikafika na mzigo mkubwa kama mbuzi wawili, njano tupu. Akauliza nimeyachuma wapi. Mdomo wangu, unaujua, ukajibu wenyewe: kileleni mwa mlima, fisi wakinipisha njia. Yeshimebet akachomoa shina moja, akacheka hadi akaiweka chini jebena ya kahawa.

"Kaka Yirdaw, hii ni mech. Ni ndugu yake adey, lakini si adey. Adey jani lake limechanikachanika kama kotmiri. Hili ni zima, na linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Tena mech inapenda majimaji. Haya, sema upya: wapi?"

Mulunesh, jasho lilinitoka. Niliiona harusi inapita mlangoni ikienda zake. Nikasema kweli: nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye tope, na fisi hakuwapo, alikuwapo punda wa jirani. Mimi nilijua njano ni njano.

Akauliza kama yamebaki mengi. Nikamwambia bonde zima. Kumbe nyuki wake walikuwa na njaa, naye alikuwa akihofia watahama.

"Huo uongo wa fisi nakusamehe, ni sikukuu," akasema. "Beba mzinga, bwana harusi."

Ndiyo, mpwa wangu, ninaoa! Ni baada ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo, uje. Njiani nyuki mia nne waliniuma, nami sikutikisika. Yeshimebet, aliyesimama nyuma yangu akisoma, anasema walikuwa watano, na kwamba nililia. Basi watano.

Pokea salamu zetu sote wawili.

Mjomba wako,
Yirdaw