Balbu ya Kumaliza Chaji

Jumatatu, 3 Machi

Betri za kiti cha magurudumu cha mke wangu: volti ishirini na nne nukta moja. Na hapo zimelala kwenye chaja tangu jana jioni! Zilitakiwa zikaribie ishirini na sita. Nimepima mara tatu, nikabadilisha na nyaya za kipimo. Jibu ni lile lile.

Ametoka kwenda kwa fundi cherehani hapo kona, akarudi. Kwenda na kurudi ni mita mia nne tu. Taa tatu za chaji kati ya tano zimezimika. Nikamwambia, mama, unaendesha kwa pupa, unaondoka kwa kishindo utadhani unafukuzwa. Kasema tu kwamba dada yake kapiga simu tena, anauliza atamwona lini. Nikasema kwa betri hizi hata darajani hufiki. Akaendelea kuchambua mchele.

Basi. Jioni nimewasha balbu, ndiyo kawaida yangu ya Jumatatu. Balbu ya lori, naiunganisha kwenye betri inyonye mpaka izimike yenyewe, ndipo nachaji upya. Betri ukiichaji kabla haijaisha inazoea vibaya, inasahau uwezo wake. Nimefanya hivyo miaka thelathini na moja kwa redio za mkononi za walinzi wa reli, na hakuna mlinzi aliyewahi kukatikiwa na sauti mikononi mwangu. Hakuna!

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu kapiga. Anasema, Baba, nunua betri mpya, mama anakaa ndani kama mtu wa kifungo. Nikamwambia mama yako haendi kokote siku hizi. Akasema, ndiyo hicho ninachosema.

Mtoto ana ulimi huyu. Kauchukua kwa nani sijui.

Nitakwenda kwa fundi wa betri kesho, wa huko nyuma ya stendi. Si kwa kuuliza. Kwa kununua tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi. Betri mpya ninazo.

Fundi wa betri ni mwanamke, umri wa binti yangu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Kazipokea betri zangu vizuri, akanipa kiti. Akazipima, akazibebesha mzigo kidogo wa umeme, volti zikaanguka papo hapo. Akauliza: mzee, hizi huwa zinaachwa mpaka zinaisha kabisa?

Nikafurahi kuulizwa! Nikampa somo zima. Balbu, Jumatatu, kusahau, walinzi wa reli. Kanisikiliza mpaka mwisho, adabu tupu. Halafu akasema taratibu: shikamoo tena, mzee. Hayo ni ya betri za nikeli, na kwa zile ulikuwa sahihi. Hizi ni za madini ya risasi. Hizi hazisahau kitu. Hizi zinataka kujazwa kila zikitumika, hata ukienda hatua kumi. Ukizimaliza, ndani zinaota chumvi nyeupe, na ile chumvi ikishakomaa haitoki.

Alikuwa na moja iliyopasuliwa pale mezani. Akanionyesha. Nyeupe kweli, imeganda kwenye bamba.

Akauliza, sasa nani alikuwa anazimaliza?

Nikasema: mke wangu anatembea sana.

Nimesema hivyo! Na somo nimelitoa mwenyewe dakika tano kabla! Yule binti kaniangalia, akashusha miwani, akaanza kuandika risiti. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili.

Ijumaa, 7 Machi

Kile kijitabu cha kiti nimekikuta kabatini. Bado kiko ndani ya nailoni yake. Mimi kusoma kijitabu cha betri? Mimi?

Ukurasa wa tisa: usiache betri ziishe. Mstari wa pili tu.

Miezi saba sasa tangu kiti kimzimikie katikati ya daraja, akienda kwa dada yake. Watu wawili asiowajua wakamsukuma mpaka nyumbani, mmoja kambebea mkoba. Alipofika alikuwa kajifunika uso kwa khanga. Nami badala ya kumpa pole, nikampa hotuba juu ya mwendo wake. Tangu siku ile mwisho wake ni kona ya fundi cherehani. Dada mtu naye magoti yanamsumbua, hawezi kuja. Wamebaki na simu.

Na kila Jumatatu mimi nikawasha balbu, nikipiga mluzi.

Nimeona haya. Sina neno jingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefunga betri mpya asubuhi. Yeye kakaa kitandani ananitazama, ananishikia bisibisi. Taa tano zote zikawaka. Akatabasamu, kisha akasema: haya, hizi nitajitahidi nisiziue.

Pale ndipo nilipokatika.

Nilikuwa nimejipanga kumwambia kesho, baada ya chai, kwa mpango. Yakatoka yenyewe nikiwa nimepiga magoti chini ya kiti. Nikasema hukuua kitu. Ni mimi na balbu yangu.

Akauliza, tangu lini? Tangu kiti kilipoletwa, nikasema. Akauliza, na siku ile ya daraja? Nikasema, na siku ile.

Hakupiga kelele. Bora angepiga! Kaniomba nimsaidie kuhamia kitini. Akaenda chumba cha uani, akafunga mlango polepole.

Jumapili, 9 Machi

Kimya. Chai kimya, chakula kimya. Ananipa chumvi bila mimi kuiomba, ndiyo mazungumzo.

Saa kumi akasema: nifundishe kuchaji.

Nikamfundisha. Kila ukirudi, chomeka. Nyekundu inajaza, ya manjano inamalizia, kijani tayari. Usichomoe kabla ya kijani. Chaja usiifunike nguo, inahitaji hewa. Kama betri imeshuka sana, iache kwa muda wa saa nane. Kama umetumia taa moja, saa tatu nne hivi zinatosha.

Akauliza, ni hayo tu? Nikasema ni hayo tu. Akasema: kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unafunga mlango kwa ajili ya hayo tu.

Ni kweli, nilikuwa nafunga mlango wakati wa kuchaji. Nilisema ni kazi ya kitaalamu.

Chaja kaihamishia upande wake wa kitanda. 

Jumatatu, 10 Machi

Leo ni Jumatatu na mkono unawasha. Balbu nimeifunga kwenye gazeti, nikaiweka juu ya kabati.

Saa tatu asubuhi kavaa lile gauni la bluu, mkoba umetuna mapajani. Nikasema nitakusindikiza mpaka darajani. Akasema, nitakwenda mwenyewe. Nikasema basi nitakuwa nyuma, mbali. Akasema, kwa jina langu la kazini: Fundi, kaa.

Nimekaa.

Saa nne na robo ujumbe: Nimevuka. Taa nne. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni! Kilomita tatu, taa moja tu! Machozi yakanilenga, mzee mzima.

Nikaenda kufagia chumbani, nikitafuta cha kufanya. Upande wake wa kitanda, kwenye soketi, hakuna kitu. Chaja haipo. Kumbe ndiyo iliyojaza mkoba.

Nimekaa kitandani na ufagio.

Nikapiga. Kapokea shemeji, dada yake. Anasema, yupo, tumekaa tunacheka, usituharibie. Nikauliza kiti je? Kasema, kiti kimechomekwa, kakichomeka mwenyewe alipofika tu, hata maji hajanywa. Nikasikia sauti ya mke wangu kwa nyuma ikiuliza nani huyo. Shemeji akamjibu: ni Fundi. Sikusikia tena alichosema. Simu ikakatwa, kwa adabu.

Sasa hesabu naijua, nimemfundisha mwenyewe. Kafika kama saa nne na nusu. Taa moja. Muda wa saa tatu nne hivi. Kijani imewaka saa nane na nusu, tuseme saa tisa kwa wingi.

Sasa ni saa kumi na moja na dakika ishirini. Kwa muda wote huu betri si sababu ya kutorudi.

Chai nimeiandaa, nimeifunika. Kiti changu nimekitoa nje, nimekiweka mlangoni, kona naiona yote. Fundi cherehani anaingiza mashine yake ndani. Kanipungia mkono, kaniuliza kwa sauti, mama bado? Nimemjibu, yuko njiani, na safari hii betri zimejaa.