Kwa Baba, Beki Uliyeumia ili Wengine Wafunge

Baba yangu,

Shikamoo. Hata huko uliko sithubutu kuanza bila shikamoo.

Juzi kijana mmoja hapa Ikungi aliniuliza kama kweli mimi ni binti wa Kisiki, yule beki "aliyekuwa anapiga watu". Nikamjibu ndiyo, ni mimi, nikamvutia kiti nimsimulie. Alipoondoka nikaona afadhali nikuandikie wewe mwenyewe, na wengine wasome.

Wengi hawajui kwamba Kisiki aliogopa sindano. Mama ndiye aliyekushika mkono pale zahanati ya kijijini kwetu Issuna, wewe mwenye mabega ya kujaza mlango, umefumba macho kama mtoto. Nyumbani hukuwahi kumfokea mtu. Kuku akiatamia, ulitukataza kupita karibu tusije tukamsumbua.

Kazi yako niliijulia shuleni. "Baba yako mkata miguu!" walinizomea wenzangu, nikarudi nalia. Ulikuwa likizo, unapura alizeti. Ukaweka fimbo chini, ukanikalisha juu ya gunia.

"Hamisi unamjua?"

Nani hakumjua Hamisi, winga wenu mwembamba, ambaye mpira ulimganda mguuni kama umegundishwa?

"Siku niliyosajiliwa, kocha aliniambia kazi yangu si mpira, kazi yangu ni Hamisi. Akicheza, tunashinda. Akivunjwa, tumekwisha. Sasa anayetaka kumvunja lazima ajue mimi nipo."

"Kwa hiyo unapiga watu?"

Ulinipangusa machozi. "Wakati mwingine. Na mimi napigwa. Sitakudanganya, mwanangu."

Mwaka ule ule mama alinipeleka Singida Mjini kukuona ukicheza kwa mara ya kwanza. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi hadi tukakaa tumejifunika kanga. Beki wa wageni, Daudi, alimkanyaga Hamisi kifundoni mpira ukiwa umeshaondoka. Mwamuzi akapeta, mchezo ukaendelea. Hamisi akainuka anachechemea, na Daudi akamfuata tena.

Nikakuona unatembea. Hukukimbia, baba. Ulimfikia Daudi, mkaongea maneno mawili matatu, halafu ngumi zikaanza. Ulichanika juu ya jicho. Mlipotenganishwa, mlipewa kadi nyekundu wote wawili, na mashabiki wa wageni wakakuzomea hadi ulipopotea kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Mama alijiziba uso. Mimi nilisimama juu ya benchi, kwa sababu Hamisi alikuwa amepata mpira na sasa hakuna aliyemsogelea kwa ubaya. Akafunga. Kwa bao lile timu haikushuka daraja, ikabaki ligi kuu.

Baada ya mechi tukakukuta nje karibu na basi la wageni, unamsubiri Daudi. Nilikushika suruali kwa hofu. Daudi akashuka, mdomo umevimba.

"Vipi mdomo?" ulimuuliza.

"Utapona. Jicho lako je?"

"Linaona bado."

Mkacheka, nyie watu! Ukamchukua tukala naye kuku wa kienyeji, akawa anainyofoa nyama upande mmoja wa mdomo kwa maumivu, huku akimwomba mama pilipili. Katika maongezi yenu ndipo nilipojua kwamba kule kwao naye alikuwa na Hamisi wake wa kumlinda.

Haikuchukua misimu mingi. Akaja kocha mpya aliyetaka mabeki wa kupiga pasi, na wewe magoti yalikuwa yameisha. Hamisi alipostaafu aliagwa kwa keki na ngoma. Wewe ulirudi Issuna na begi lako, kesho yake ukaingia shambani. Kisha kichwa kikaanza kukuuma, kile kichwa kilichogongana na viwiko miaka yote ile. Majina yakawa yanakutoroka. Ukaniita kwa jina la shangazi, nami nikaitika. Mama alipolia, ulimfuta machozi ukamuuliza ni nani aliyemwonea.

Ulipotutoka, Daudi alikuja, akashika jembe kaburini asikubali kupokezana na mtu. Hamisi naye alikuja. Alipopewa nafasi ya kusema, alinyanyua suruali kidogo tukaona vifundo vyake. "Nimestaafu nikiwa natembea vizuri," alisema. "Miguu hii ameniachia yeye." Akakaa. Hakuna aliyehitaji hotuba nyingine.

Nimekukumbuka sana, baba, lakini siandiki kwa unyonge. Nataka kukwambia kwamba mimi sasa ni mwamuzi. Ndiyo, wale wale uliokuwa unawalaumu! Jumamosi nilichezesha hapa Ikungi. Walianza kunizomea hata kabla sijapuliza: "Mwanamke huyo ataweza?" Kipindi cha pili, winga mdogo wa Issuna alikanyagwa mpira ukiwa umeshaondoka. Nikamwona beki wao mkubwa ameshaanza kutembea, na mwendo ule naujua.

Nikakimbia nikasimama katikati yao. Aliyekanyaga nikamtoa kwa kadi nyekundu. Yule mkubwa alikuwa anahema juu ya kichwa changu, ngumi amekunja.

"Rudi kwenye nafasi yako, kaka," nikamwambia. "Hili ni la kwangu."

Akanitazama. Akafungua ngumi, akarudi kucheza mpira.

Pumzika, baba. Uwanjani nipo.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.