Niliyoyasema Bombani

Ijumaa, Bunda. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imegoma. Nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Leo msikitini nilizungumza kwa ukali juu ya redio za ng'ambo zinazoizushia nchi yetu. Nikawakumbusha waumini kwamba Qurani inatuamuru tuichunguze habari aliyoileta fasiki, tusije tukawadhuru watu bure. Wakaitikia vizuri. Nikajiona mtu.

Baada ya swala nilimkuta Mama Magesa barazani kwangu, ana barua mkononi, haijafunguliwa. Ni Mkristo, mkulima wa pamba hapa kijijini, na hajui kusoma. Mwanawe Magesa anasoma Urusi. Barua zake zote mimi ndiye ninayemsomea mama yake. Ni amana, na hilo nilikuwa nalijua.

Ya mara iliyopita ilikuja na picha: Magesa na mwanamke wa Kizungu aliyevaa kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi. Nyuma iliandikwa "mimi na Vera". Mama aliniuliza ni nani, nikamwambia sijui. Nilisema kweli.

Asubuhi yake, kwenye foleni ya ndoo bombani, nikasema kijana ameoa Mzungu.

Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu kuwa wa kwanza kusema.

Neno likafika Bukima kwa wazazi wa Nyangeta, mchumba wa Magesa. Wakarudisha ng'ombe wa mahari, na binti akaozwa kwingine.

Leo Mama Magesa hakunipa barua upesi.

"Maalim, waite kwanza wale unawaambiaga bombani," alisema. "Wasikie wote mara moja, usichoke kuwapelekea."

Kisha akanipa, nikaifungua na kumsomea. Vera ni mwalimu wao wa lugha, bibi mwenye wajukuu. Magesa amemaliza masomo. Atarudi wakati wa kuvuna pamba, na anaomba Nyangeta aambiwe ajiandae.

Miaka yote nimeisoma aya ile nikimtafuta fasiki kwenye redio za watu. Kumbe ni mimi.

Mama hakulia. Aliikunja barua yake.

"Sasa andika jibu. Mwambie Nyangeta yuko kwa nani, na ni nani alisema. Usiandike kwa jina langu kama siku zote. Weka lako."

Kesho asubuhi anakuja kulichukua jibu. Mpaka sasa karatasi ina jina langu tu, chini kabisa.