Gari Nililolinunua Mara Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu zangu zote na za marehemu mama nakuongezea, maana yeye ndiye aliyekuwa hodari wa kuuliza hali ya kila kiungo. Basi niambie, macho yanaendeleaje? Bado yanawasha ukitoka kazini? Yale matone aliyokupa daktari unayatia kweli, au chupa imekaa tu pembeni ya kitanda kama pambo? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mzima, ila mgongo. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii. Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Alhamisi. Kila nikiandika mistari miwili nainuka kwenda dirishani kutazama kama gari bado lipo.

Ndiyo, gari. Nimenunua gari, kaka. Jipya, la dukani, viti bado vina nailoni. Najua utashangaa, kwa sababu katika barua yako hukuuliza habari za gari, uliuliza jambo jingine. Nitafika huko. Usinikimbize kama enzi zile tukitoka shule.

Unalikumbuka gari langu la zamani, ulilolibatiza mwenyewe jina la Kikohozi. Kazi yangu unaijua: daktari anachukua alama ya kinywa cha mgonjwa, ananipa, mimi natengeneza meno ya bandia, kisha nayapeleka kliniki siku na saa tuliyopatana. Miezi mitano iliyopita Kikohozi kilizima katikati ya barabara nikiwa nimebeba meno ya juu na ya chini ya mwalimu mmoja mstaafu wa kwaya, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anamwoza binti yake. Harusi saa nane, mimi nikafika saa kumi. Nimeambiwa kwenye picha zote mzee wa watu amefunga mdomo kama bahasha, na hotuba ikabidi isomwe na mdogo wake. Daktari wa kliniki ile hakunigombeza. Aliniambia kwa upole tu kwamba likitokea tena atatafuta fundi mwenye usafiri wa uhakika. Na kliniki ile, kaka, ni nusu ya riziki yangu.

Basi humu ndani yakaanza mabishano. Shemeji yako unamjua, ualimu wa hesabu hauachi shuleni. Alichora jedwali kwenye daftari, upande mmoja taslimu, upande mwingine mkopo. Akasema fedha tuliyo nayo ni theluthi mbili ya bei, kwa hiyo tutoe theluthi moja ya kuanzia, nyingine ibaki benki kwa ajili ya ugonjwa na dharura, na gari tulilipie kidogo kidogo kwa miezi thelathini na sita. Riba ipo, alisema, lakini ndiyo bei ya kulala ukijua una akiba. Mimi nikasema riba ni bei ya ujinga. Akasema mjinga ni yule anayemwaga akiba yake yote kwenye bati na matairi. Nikamwambia akalale sebuleni. Akaenda, na daftari lake kwapani.

Kusema kweli alinishinda kwa hoja, nikakubali. Tukaenda duka la magari. Muuzaji, mtu mwenye tai na maneno laini kuliko nta yangu ya kazini, akatukalisha kwenye meza ya mikopo. Nikapewa karatasi tisa na kalamu iliyofungwa kamba. Nikatia sahihi ya kwanza, nikatia ya pili. Ya tatu ilikuwa imeandikwa kwamba mteja akichelewa miezi miwili, mali itachukuliwa popote itakapokutwa. Hapo mkono ukagoma.

Niliona lile sofa, kaka. Unalijua. La kijani, ambalo baba alilichukua kwa malipo ya kila mwezi, halafu kazi ikaota nyasi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, umelikalia, daftari magotini. Wakaingia wanaume wawili, hata miguu hawakufuta, mmoja akakuambia inuka. Ukainuka. Wakalitoa mlangoni huku majirani wamejipanga nje wakitazama, na mama akachukua ufagio akafagia pale lilipokuwa, akafagia weee, na uchafu wenyewe haupo. Tangu siku ile mimi na deni ni paka na panya. Nikaiweka kalamu chini, nikasema nalipa taslimu, yote. Muuzaji akachangamka, akasema kwa taslimu atanishushia bei asilimia sita, mradi niilete ndani ya siku tatu. Shemeji yako akaniuliza hiyo iliyopungua itatoka wapi. Nikamjibu kwamba kliniki mbili zina malimbikizo yangu na zimeahidi kunilipa wiki hii. Alinitazama, akafunga daftari lake.

Siku ya tatu nikamaliza kulipa. Nikapewa funguo mbili na kadi yenye jina langu. Loo, nilivimba kichwa! Nilimwambia daktari, nikamwambia jirani, nikamwambia hata mwuza magazeti ambaye hakuniuliza, kwamba gari hili sidaiwi na mtu. Nyuma meno ya wagonjwa hayagongani tena kwenye masanduku, nafika saa kamili, daktari ananipungia mkono. Siku tisa nilikuwa mtu wa raha. Ya tisa hiyo ikaingia barua yako.

Nimeisoma mpaka mikunjo inachanika. Umesema daktari amekukataza kabisa moto wa kuchomelea vyuma, na mkataba wako unaisha baada ya miezi mitatu. Umesema umepata karakana ndogo inauzwa, ya milango na madirisha ya chuma, utaajiri mafundi wachomelee na wewe usimamie, na mwenye karakana anataka fedha yake kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Miaka kumi na tisa ya kulala kwenye vitanda vya kambi, hatimaye unarudi kwenye kitu chako. Kisha ukaandika, kwa yale maandishi makubwa ya mtu asiyeona vizuri, kwamba ile fedha yako sasa niitume. Hukuuliza kama ipo. Hilo ndilo linaloniinua kitini kila dakika.

Haipo yote, kaka.

Hakuna kliniki iliyolipa malimbikizo. Niliitoa kwenye fedha uliyoniwekesha, fungu lako la nyumba ya wazazi tuliyoiuza. Nusu yake nimeinunulia gari. Nilijiambia nitairudisha kila mwezi, kidogo kidogo, miezi ileile thelathini na sita, tena nitakuongezea na riba, na wewe hutajua lolote. Umeona basi? Mimi niliyeogopa mkopo nimekopa, tena kwa mtu asiyejua kama amekopesha. Wale wa sofa angalau walikuambia uinuke. Mimi nimekuchomolea ukiwa umekaa. Nina aibu, kaka, mpaka kalamu naiona nzito.

Shemeji yako nimemwambia. Hakufoka, na laiti angefoka. Alichukua ndoo akaliosha gari asubuhi nzima, gari lisilo na hata vumbi, kisha akaingia ndani akaniambia twende tukakope. Safari hii hakuchora jedwali. Tumekwenda kwenye ofisi ya mikopo, na binti wa pale akanishangaa, akaniuliza gari unalo na umelilipa, sasa unakopa ya nini? Nilimwambia ninalinunua tena. Akadhani natania. Riba yao ni mara moja na nusu ya ile niliyoikataa dukani, na karatasi zao zina maneno yaleyale ya kuchukua mali popote. Nimetia sahihi zote. Mkono haukugoma.

Imebaki moja, isiyo yangu. Kwa kuwa mimi sina hati ya mshahara, mbali na gari wanataka mdhamini, ndugu wa damu mwenye mshahara wake, asiyeishi nyumba moja na mimi. Nimejikuna kichwa siku nne. Ndugu wa damu mwenye mshahara ninaye mmoja tu duniani, na mshahara wenyewe umebakiza miezi mitatu. Kwa maneno mengine, ili nikurudishie fedha yako, ni lazima wewe uniamini mbele ya watu. Nikishindwa kulipa, watakuja kwako.

Nusu iliyosalia nimeituma leo asubuhi, stakabadhi iko ndani ya bahasha. Humo pia utakuta fomu ya mdhamini. Nyuma yake kuna kadi ya gari, fomu ya kuhamisha umiliki ambayo nimeshaijaza jina lako, na ufunguo mmoja. Ukiona siaminiki tena, usisaini. Mwandikie shemeji yako siku utakayolitaka, atakuletea gari, uliuze, uchukue chako chote. Mimi nitarudi kwa Kikohozi na daktari ataamua lake. Sitakuuliza kwa nini, na salamu zangu hazitapungua.

Msalimie mwenzako wa kitanda cha juu, mwambie meno yake nitamtengenezea bure akija huku. Shemeji yako anakusalimu sana na anasema matone ni mara tatu kwa siku, si ukikumbuka. Mahali pa sahihi nimechora mduara kwa penseli, mkubwa, ili usipate taabu kuuona. Ni penseli tu, inafutika.

Kaa, kaka, usiinuke. Isome mara ya pili polepole, halafu uamue. Safari hii nimekuuliza.

Ni mimi dada yako,
Kijino